Kabla ya saruji, muulize jirani

Naandika haya viganja vimejaa malengelenge. Kwa wiki mbili sijashika kalamu, nimeshika sururu na karai. Wale mliokuwa mnauliza nimepotelea wapi, jibu ni fupi tu: nilikuwa nyumbani Rudewa, natengeneza mtaro wa maji ya mvua.

Msicheke kwanza. Najua baadhi yenu mtauliza Rudewa ndiyo wapi. Ukitoka Morogoro kwenda Dodoma, pale Dumila unaiacha barabara kuu, unakata kushoto kuelekea Kilosa. Kabla hujafika Kilosa mjini utapita kwetu. Ni nchi ya mkonge, mahindi na mpunga. Na ni nchi ya maji. Kiangazi unayatafuta kwa ndoo, masika yenyewe yanakutafuta wewe.

Sasa mtaro. Nyuma ya nyumba yetu kuna mtaro wa saruji ambao marehemu baba aliujenga mwaka 1996. Unapokea maji ya upande mmoja wa paa, unayapeleka mpaka kona ya kiwanja, na pale yanamwagika. Basi, kazi yake imekwisha. Mvua za El Nino za 1997/98 ziliukuta pale na zikauacha pale. Ila miaka mitatu iliyopita ukaanza kupasuka. Mama akaita fundi, ufa ukazibwa. Masika iliyofuata ukapasuka tena, ukazibwa tena. Mwaka jana ukavunjika kabisa. Kipande cha mita tatu kilizama, maji yakaanza kupenya chini ya msingi, na kwenye ukuta wa chumba anacholala mama ukatokea ufa unaoweza kupitisha sarafu.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jamani, sisi ufa tuliziba mara mbili, na kujenga ukuta bado kulikuwa kunatunyemelea! Kikao cha familia kikafanyika kwa simu, tukachangishana, mimi nikatumwa. Mpango ulikuwa saruji, mchanga, kokoto, fundi na siku nne za kazi kabla masika haijafika.

Fundi tuliyempata ni mzee wa palepale kijijini, maneno yake ya kuhesabu. Alipofika hakuutazama ufa. Hakuutazama hata ule ukuta wa mama. Aliufuata mtaro mpaka mwisho, akachuchumaa pale kona, akachota udongo, akausugua kwa vidole. Halafu akauliza swali moja.

"Haya maji yanaenda kwa nani?"

Angalia alivyouliza. Hakusema yanaenda wapi. Alisema kwa nani. Mama akajifanya anamfukuza kuku.

Basi ikabidi nimketishe mama jioni ile, anieleze. Mimi mjini nilikuwa nasikia juujuu tu kwamba hawaelewani na jirani. Habari kamili ni hii. Baba alipojenga mtaro, chini ya kiwanja chetu palikuwa shamba la mahindi. Mwenyewe alikuwa anaishi Kimamba, anakuja kulima na kuvuna. Maji yakitoka kwetu yanaingia shambani mwake, mahindi yanakunywa, hakuna aliyelalamika. Baadaye shamba likauzwa vipande vipande. Miaka sita iliyopita akahamia pale mama mmoja, akajenga nyumba na jiko la nje.

Yeye na mama wakawa mtu na mdogo wake. Kikundi kimoja cha vikoba, chumvi ikiisha huku inachukuliwa kule. Halafu ikaja masika moja nzito, maji ya mtaro wetu yakaingia jikoni kwake usiku na kulowesha magunia yake ya mahindi. Asubuhi akaja kusema. Mama akamjibu kwamba mtaro ule ulikuwepo kabla yake. Maneno yakazidi kidogo. Yule mama akarudi kwake, akaita vijana, wakapandisha tuta la udongo mpakani, refu kufika gotini. Tangu siku hiyo ikabaki salamu ya mbali tu.

Sasa unganisha mwenyewe. Maji yakafika mpakani, yakagonga tuta, yakarudi nyuma na kutuama mtaroni. Kiwanja chetu kina udongo mweusi, ule ambao ukilowa unavimba na ukikauka unasinyaa mpaka unaacha nyufa za kuingiza mkono. Ukaa na maji siku kadhaa kila mvua, unausukuma mtaro juu. Kiangazi kinakuja, unasinyaa, mtaro unabaki unaning'inia. Saruji haina uvumilivu wa namna hiyo. Ilipasuka mwaka mmoja baada ya yale maneno.

Nikijaribu kuiandika habari hii kama tunavyofundishwa kazini, nani kafanya nini, wapi, lini na kwa nini, nakwama kwenye mkosaji. Baba alimwaga maji mahali ambapo hapakuwa na mtu. Jirani alijenga kwenye kiwanja alichonunua kwa fedha yake, na hakuna binadamu anayeacha maji yaingie jikoni. Mama naye amesema kweli, mtaro ulikuwepo kabla. Wote wana haki, na mtaro umevunjika vilevile. Kilichobadilika ni mtu aliyeko chini. Yule wa zamani aliyataka maji, huyu wa sasa hayataki, na hakuna aliyekaa kuzungumza upya.

Hebu nikupe hesabu kidogo ili usidhani tunagombania tone. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Upande wa paa letu unaomwaga nyuma una mita za mraba 40. Ikipiga mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika ya kwetu si ya ajabu, hizo ni lita 2,000. Ni madumu 100 yale ya lita 20. Fikiria mtu anakuja usiku kwako na kukumwagia madumu 100 jikoni, halafu asubuhi anakwambia alianza kuyamwaga kabla hujahamia. Ungemjibu nini?

Na hili la nyumba mbili, sisi watu wa Kilosa tumeshaliona likiwa limekuzwa mara elfu. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja tuta lake, ukaingia Kilosa mjini. Maelfu ya watu walipoteza makazi wakaishi kwenye mahema. Reli ya Kati, ile waliyoijenga Wajerumani ikafika Kigoma mwaka 1914, kati ya Kilosa na Gulwe inapita katika bonde hilohilo la Mkondoa. Maji yaliisomba mahali pengi, treni zikasimama kwa miezi. Mtu wa Kigoma ambaye hajawahi hata kuusikia Mkondoa alijikuta mto huo umemharibia safari.

Yale maji hayakuzaliwa Kilosa. Mengine yanatoka mbali huko upande wa Dodoma na Mpwapwa, yanashuka na Kinyasungwe, yanaingia Mkondoa, na baadaye yanakwenda na Wami mpaka Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Ndiyo maana kila mjadala wa mafuriko ya Kilosa, ukizungumzwa kwa dakika kumi tu, unapanda mto mpaka Kidete, kwenye suala la bwawa la kuyapunguza kasi maji kabla hayajafika mjini. Tuta la mjini peke yake ni kama lile tuta la jirani yetu. Linamlinda aliye nyuma yake, lakini halimwambii aliye juu apunguze, wala halimwonyeshi maji njia nyingine.

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo nizungumze na chumba chetu cha habari pia. Mafuriko tunayaandika vizuri sana. Januari 2014 maji yalipoharibu daraja pale Dumila na barabara ya Morogoro na Dodoma ikakatika, magazeti yalijaa picha. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipozama, tuliandika vifo, tukaandika watu wa Bonde la Msimbazi kupelekwa Mabwepande. Sawa. Lakini nani kati yetu amewahi kupewa nafasi ukurasa wa mbele kuandika kwamba wananchi wa mtaa fulani wamezibua mtaro wao mwezi Februari? Mtaro uliozibuliwa hauna picha. Waziri hakati utepe kwenye ukarabati. Mhariri atakuuliza, "Sasa habari iko wapi hapa?" Nami nakubali kwamba swali lake lina mantiki, kwa sababu mtaro unaofanya kazi hauleti tukio lolote. Ila hapo ndipo tunapoanza kuhesabu nyumba zilizobomoka.

Haya, turudi Rudewa.

Fundi alikataa kuchanganya hata karai moja ya saruji. Alisema akijenga pale mtaro utavunjika tena, na watu watasema fundi ni yeye. Kwa hiyo siku ya pili nikavaa shati safi nikaenda kwa jirani.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Naona mmeleta fundi."

Nikamweleza tulipofikia. Alinisikiliza huku anapepeta mchele, hakuniangalia usoni. Nilipomaliza akasema, "Mimi sina ugomvi na mama yako. Nina ugomvi na maji yake."

Nikayapeleka maneno hayo nyumbani kama yalivyo. Mama akanyamaza, akamalizia kukata mchicha, halafu akasema, "Maji si yangu, ni ya Mungu. Paa ndilo langu." Lakini nilimwona anatabasamu.

Asubuhi ya siku ya tatu fundi akawaomba wote wawili wasimame mpakani. Akatoa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoona ndani ambao mafundi hupimia usawa, akagonga vigingi, akapima. Kisha akamimina ndoo tatu za maji pale kona na kutuambia tutazame. Maji yakasitasita, yakaanza kutambaa pembeni, sambamba na ua wa minyaa, kuelekea mtaro wa barabara. Mteremko ulikuwepo siku zote! Kilichokosekana ni njia ya mita 15, na njia hiyo ilihitaji kukata minyaa kadhaa na kuchukua futi moja ya ardhi ya jirani.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Futi moja ya ardhi kijijini si kitu cha kuombwa umesimama. Tukakaa, chai ikaja. Jirani akatoa masharti mawili. La kwanza, mbele ya mlango wake mtaro ufunikwe kwa mifuniko ya zege, kwa sababu wajukuu zake wanapita pale mbio. La pili, maji ya paa la jiko lake nayo yaingie kwenye mtaro huohuo, asilazimike kuchimba wa kwake. Mama akatoa lake moja: kufagia mtaro kuwe kwa zamu, wiki huku wiki kule. Fundi akasema lake pia, kwamba tuta lisibomolewe lote. Lipunguzwe tu na kupandwa ukoka, likae kama akiba mtaro ukizidiwa.

Tukamwita mwenyekiti wa kitongoji. Akaandika yote kwenye karatasi ya daftari, nakala mbili, wakatia saini. Mimi niliona kama mambo yamekuwa rasmi mno, lakini mwenyekiti aliniambia jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Alisema, "Hawa wawili wameshaelewana, hawahitaji karatasi. Karatasi ni ya watakaonunua hapa baada yao." Baba hakuwa na karatasi kama ile kwa sababu upande wa pili hapakuwa na mtu wa kusaini. Sasa yupo, na kesho atakuwepo mwingine.

Baada ya hapo ndipo saruji ikafunguliwa. Kwa wale wenye tatizo kama letu, nawapa alivyofanya fundi, mkapime na mafundi wenu.

Alianza chini akapanda juu. Yaani alianza kule maji yanakotokea, kwenye mtaro wa barabara, akarudi nyuma kuelekea nyumbani. Kipande kilichozama alikivunja chote, hakukipaka plasta juu. Ule udongo mweusi wa chini aliuchimba kina cha futi moja na kuutoa, akajaza kifusi cha changarawe, akakishindilia kwa tabaka huku akinyunyiza maji. Mteremko aliuweka sentimita moja kwa kila mita. Mtaro mzima, wa zamani na mpya, una mita 26, kwa hiyo mwisho wake uko chini kwa sentimita 26 kuliko mwanzo wake. Alisema ukiulaza zaidi ya hapo mchanga unabaki ndani, na ukiuteremsha sana maji yanakimbia na kuchimba mwisho wa mtaro.

Zege la chini lilikuwa karai moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Kuta ni matofali ya kuchoma. Kila baada ya mita tatu aliacha nafasi nyembamba akaijaza lami, ili udongo ukivimba mtaro uwe na pa kusogea bila kupasuka. Kabla ya kuingia mtaro wa barabara aliweka chemba ndogo ya kunasa mchanga na majani, na pale maji yanapotoka akapanga mawe makubwa yavunje nguvu. Kisha tukamwagilia saruji asubuhi na jioni kwa siku saba. Siku zile saba ndizo zilizonila wiki ya pili, maana fundi alikataa katakata nisiondoke nikawaachia akina mama ndoo. Jumla ilitugharimu mifuko tisa ya saruji. Mara mbili za kwanza tulitumia nusu mfuko nusu mfuko, na kila mara tulidhani tumeokoa fedha.

Mtu ataniuliza, kwa nini msichimbe shimo tu maji yakanyonywa na ardhi kiwanjani kwenu? Nilimuuliza fundi swali hilohilo. Kwenye mchanga ingefaa. Kwenye udongo mweusi shimo linajaa na kukaa limejaa, na mnakuwa mmechimba bwawa karibu na msingi. Na simtanki je? Tumeweka, la lita 1,000, na gata upande wa mbele wa nyumba. Lakini simtanki likijaa linafurika, na mafuriko yake nayo yana mtu wa kuyapokea.

Usiku mmoja kabla sijaondoka ilipiga mvua ya kweli. Nikatoka na kurunzi. Mama alikuwa ameshatoka, amejitanda kanga kichwani, anamulika mwanzo wa mtaro. Kule mwisho wa ua nikaona kurunzi nyingine inamulika. Jirani naye alikuwa ametoka. Hawakuitana, mvua isingewaruhusu kusikizana. Kila mmoja alikuwa anatazama upande wake maji yakipita. Kiungo kimoja kilikuwa kinavuja kidogo, fundi akakirekebisha asubuhi. Ufa wa chumbani kwa mama bado upo. Tumeuwekea alama ya penseli na tarehe pande zote mbili, na tumekubaliana hautazibwa mpaka masika ipite tuone kama umetulia.

Sasa nyie wenzangu wa Dar mnaonunua viwanja Goba na Madale, nina ombi. Dalali anakupeleka kuona kiwanja kiangazi, jua linawaka, viatu vyako safi. Rudi siku ya mvua. Simama uone maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Ukipandisha kifusi kuinua kiwanja chako, ukajenga ukuta na kuacha matobo ya kutolea maji, toka nje uyaangalie matobo hayo yanamtazama nani. Muulize jina. Bora mjuane kwa chai kuliko mjuane mbele ya mjumbe huku mmoja wenu ameshika ndoo.

Nasi hatujamaliza. Ule mtaro wa barabara unapita kwenye kalavati, halafu unaingia kwenye shamba la mpunga la mzee mmoja. Fundi alisisitiza tumwone naye kabla ya masika kuchanganya, kwa hiyo tulikwenda, mimi, mama na jirani. Mzee alitusikiliza, akacheka kidogo. Akasema maji anayataka, tena tungeweza kumletea mengi zaidi. Asichotaka ni mifuko ya plastiki na chupa. Mama na jirani wakaahidi kuweka wavu kwenye chemba. Wavu nimeshaununua Kariakoo, unaondoka na basi la Jumamosi.

Haya, tuko pamoja. Alamsiki.